Naomba ushauri: wasikilizaji wanataka tumtaje muuaji

Habari zenu wakuu. Mimi na mwenzangu tunaendesha podikasti ya visa vya uhalifu hapa Tabora. Tunaandaa kipindi cha kujibu maswali ya wasikilizaji na kukumbuka tulivyoanza: tukirekodi kwa simu usiku bodaboda zikipungua, tukisoma hukumu za mauaji ya vikongwe waliosingiziwa uchawi kutoka TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama za Tanzania, ambako zinapatikana bure.

Shida ni swali moja linalorudiwa na wengi: "Nyie mnadhani nani kamuua yule bibi?" Kesi ya mauaji ya bibi huyo bado iko Mahakama Kuu. Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika, na mimi naona sisi pia inatuhusu, tena sana, maana mjini hapa ndugu wa pande zote mbili wanatusikiliza. Mwenzangu anasema tukikaa kimya tutaonekana waoga.

Wanasheria na watangazaji mliomo humu, tujibuje swali hili hewani bila kumhukumu mtu? Tueleze tu mwenendo wa kesi, au tuliache swali mpaka hukumu itoke? Na familia ya marehemu, tuwafuate kwanza?