Naomba ushauri: meza kwenye riwaya ya mwaka 1498

Assalaam aleikum ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Niko Malindi naandika riwaya, kijana Myahudi wa Lisbon kabatizwa kwa nguvu 1497, anaficha dini yake anaingia jahazini na Vasco da Gama, Aprili 1498 wanatia nanga huku kwetu. Mambo ya Ureno nimesoma sana, ile amri ya mfalme Manuel ya 1496 ya kuwafukuza Wayahudi, mpaka Abraham Zacuto ambaye hesabu zake za nyota ziliwafaa mabaharia ilibidi akimbie.

Nimekwama kwenye lugha. Nimeandika mama wa Kimalindi anaweka kandili juu ya meza, nikashtuka, neno meza si tumelipata kwa Wareno wenyewe! Bendera, leso, gereza pia. Nimeuliza wazee wawili mtaani, mmoja kasema weka mkeka na sinia, mwengine kasema msomaji hajali. Mimi najali, yule mama namsikia anavyoongea.

Sasa niyatoe kwenye mazungumzo tu au hata kwenye masimulizi? Na badala ya bendera, beramu itaeleweka na vijana wa leo?