Mjadala: pesa za umma ziende kwa mafuta ya kuvu? Mi nasema bado

Haya wana Mombasa, tuongee. Kuna wenzetu wasema kaunti itoe pesa, matunda yanayooza sokoni Kongowea yaoteshewe kuvu zitupe mafuta ya kupikia, tuachane na mawese ya Malaysia na Indonesia yanayoshuka bandarini Kilindini. Sayansi yake ni kweli, kuna kuvu ambazo zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu ni mafuta, zipe sukari nyingi uzinyime nitrojeni, zashindwa kujenga protini za kukua, basi sukari yote inayobaki zaigeuza mafuta zikaweka akiba ndani ya seli. Hapo sina neno.

Neno langu ni maji, na sioni mtu akiyataja. Chungulia birika la nyumba inayochemsha maji ya kisima hapa kisiwani, lina ukoko mweupe mgumu mpaka uukwangue na kisu, manake yale maji yamepita kwenye mawe ya matumbawe yakabeba kalsiamu. Na seli ya kuvu yailinda kalsiamu sana, ndani huacha kidogo mnoo kuliko nje, ikiingia ghafla ni kengele, protini zaamka, zagusa ukuaji, ukuta wa seli, uwezo wa kuvumilia uchachu (asidi), mpaka ile akiba ya mafuta. Tena hakuna jibu moja, kila aina ya kuvu na mambo yake, inategemea pia fosforasi ni kiasi gani na maji yana uchachu gani, manake uchachu ukipungua kalsiamu na fosforasi zashikana zikatuama chini, kuvu ikakosa zote mbili. Sasa vipimo vya maabara ya Ulaya mwavileta vipi kwa kisima cha Mji wa Kale?

Halafu bei. Kiwanda kimoja huko Selby, Uingereza, walitengeneza mafuta ya kuvu iitwayo Mucor circinelloides kibiashara kuanzia 1985, kufika 1990 wakaacha, na yale yalikuwa mafuta ya lishe ya bei ghali sio ya kukaangia bajia! Mafuta ya mbegu za mimea yakawashinda kwa urahisi wa bei.

Kwa hivyo pesa ya kwanza iende kwa vijana wa maabara kwenye vyuo vyetu hapahapa, wachukue maji ya kisima na ya bomba, ndizi zilezile za Kongowea, wapime kuvu gani yatoa mafuta kiasi gani. Mnaotaka kiwanda mwaka huu nijibuni, mtatumia maji gani, na kuyatoa kalsiamu alipa nani?