Hilux imeinuliwa inchi 4: paipu ya breki ya nyuma nipitishe wapi?

Kiazi wa Matamba
Wadau, habari za jioni. Nina Hilux LN106. Bodi ya nyuma nimeng'oa, nikachomelea fremu ya mabomba, na springi ndefu zimeipandisha inchi 4. Kazi yake ni kushusha viazi kutoka Matamba hadi Chimala, na Jumapili tunaenda kuchezea matope. Mnaoijua ile barabara ya Hamsini na Saba sina haja ya kuwaambia ina kona ngapi.

Juzi nateremka, nashukuru gari ilikuwa tupu, gurudumu la nyuma kushoto likatumbukia kwenye mfereji uliochimbwa na mvua. Likaning'inia. Kona iliyofuata nakanyaga breki, pedali inazama, inakuja kushika karibu na sakafu, tena mbele tu. Nikarudisha gia, nikavuta hendibreki, nikaegemeza ubavu kwenye ukingo wa mlima. Kuchungulia chini, mpira wa breki unaotoka kwenye chesisi kwenda difu (ekseli ya nyuma) umechanika shingoni na difu lote limelowa mafuta ya breki. Mpira wenyewe ni wa kiwandani, sikuubadilisha nilipoinua gari. Hapo mnitukane tu, nimekubali.

Sasa natandika paipu yote upya. Ekzosi niliyotengeneza inapita ubavu uleule wa paipu ya zamani. Fundi wangu wa Mwanjelwa anasema nipitishe chini ya chesisi ili iwe rahisi kufikika, na ninunue paipu ya shaba ya friji. Mnasemaje?

Spana Kumi
Ya friji? Mwambie akuwekee na barafu kabisa.

Fundi wa Uyole
Mkuu, pole. Chini ya chesisi hapana. Hapo ndipo gari inapokalia jiwe, na paipu itakuwa ya kwanza kubonyea. Ipitishe kwenye ukuta wa ndani wa chesisi, juu kadiri utakavyoweza, upande usio na ekzosi, hata kama itabidi uivushe ng'ambo kule mbele karibu na injini. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huanza kuchemka kwenye nyuzi 205 hivi, lakini yakishanyonya unyevu hushuka hadi kama 140. Mteremko wa kwenu ngoma za breki zenyewe zinatoa harufu. Ukiongeza na joto la ekzosi unapata mvuke ndani ya paipu, pedali inakuwa kama unakanyaga sifongo.

Klampu ziwe za boliti, zenye raba ndani, kila sentimita 30 hivi. Vile vibano vya plastiki ni vya nyaya. Kwenye kona usikunje kwa vidole, zungushia paipu kwenye soketi kubwa, hapo haitajifinya.

Nunua paipu ya breki yenyewe, inchi 3/16, ya chuma au shaba yenye nikeli. Mdomo ukunjwe mara mbili kwa kifaa chake. Fundi akikuletea kiungo cha kubana kama cha bomba la maji, chukua funguo zako uondoke. Na kwenye ekseli paipu zilale juu, kwa nyuma kidogo. Mbele na chini ni njia ya mawe na visiki.

Msafiri wa Kitonga
Kamwene. Mimi nina shaba ya friji mwaka wa 3 huu, Iringa hadi Makambako, haijawahi kunisumbua. Tusitishane.

Fundi wa Uyole
Kaka, wewe uko kwenye lami. Breki ukiikanyaga kwa nguvu presha inaweza kupita bar 100, friji haifiki hata robo ya hapo. Halafu shaba tupu ikitikiswa miaka hukomaa, inakuwa ngumu, inapasuka palepale penye nati. Fungua uiangalie penye nati. Usinijibu kabla hujaangalia.

Mwana Tukuyu
Ugonile, Kiazi. Paipu ni nusu ya kesi, aliyekuangusha ni mpira. Kabla hujanunua mwingine, inua gari kwa chesisi mpaka magurudumu ya nyuma yaning'inie yenyewe. Kisha upande mmoja weka gogo chini ya gurudumu, mwingine uache hewani. Pima hapo urefu wa mpira unaotakiwa, ongeza nafasi ya kujikunja. Halafu geuza gogo upande wa pili. Watu wengi wanapima gari ikiwa imesimama sawa gereji, wanaona mpira umelegea, wanaridhika.

Mpira uuteremshe karibu na katikati ya difu, pale ekseli inapopinda panatembea kidogo kuliko kwenye gurudumu. Na gari ikibonyea mpaka mwisho, angalia usiguse shokapu wala propela.

Swali: ile valvu ya mzigo, inayopima presha ya breki za nyuma kwa uzito uliopakia, yenye fimbo iliyoshikwa na difu, umeigusa?

Kiazi wa Matamba
Sijaigusa. Ina shida gani?

Mwana Tukuyu
Shida kubwa. Umeinua chesisi inchi 4, fimbo imevutwa chini, valvu inadhani huna mzigo. Hata ukipakia magunia, nyuma inapelekewa presha ndogo. Nyanyua kishikio cha fimbo pale kwenye difu kwa kimo kilekile. Na ukitoa hewa kwenye breki, gari iwe imekalia magurudumu yake, usiiache difu likining'inia. Anza na la nyuma kushoto, ndilo la mbali na masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali.

Kiazi wa Matamba
Ndaga fijo, ndugu zangu. Leo nimefanya ya gogo. Mpira wa zamani una sentimita 30, na upande wa kushoto ukining'inia ulitakiwa 41. Nimelala chini ya gari nikatazama hiyo futi kamba dakika nzima. Mpira mrefu wenye wavu wa chuma nimeagiza, kishikio cha fimbo nachomelea kesho asubuhi. Fundi wa friji amenuna, anasema paipu alishaikata.

Msafiri wa Kitonga
Nimefungua penye nati. Kuna ufa mwembamba kama unywele. Fundi wa Uyole, hiyo ya nikeli wanauza wapi?