Naomba ushauri: maharage ya zamani hayaivi, na friza imejaa njegere

Wakuu, heshima kwenu. Niko Mbeya mjini. Mwezi huu sokoni nataka kwenda kwa nyanya, vitunguu na mboga za majani tu, vingine vitoke kabatini na kwenye friza.

Kuna maharage kilo 6, yana zaidi ya mwaka. Nalowesha kilo 1 kwenye maji lita 3 kwa saa 12, namwaga maji, nachemsha saa tatu, na bado ukibonyeza punje kwa kidole katikati ina kiini kigumu. Najua huku juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na maharage yakikaa sana huwa sugu. Nyanya siweki mpaka yaive, maana uchachu unakaza ganda. Je, magadi kiasi gani kwa kilo bila kuleta ladha ya sabuni? Au ninunue presha kuka tu? Mkaa nao ni hela.

Njegere ni kilo 4, ziligandishwa mbichi bila kupitishwa kwenye maji ya moto dakika 2, kwa hiyo zimepauka na zina ladha ya nyasi. Kwenye pilau zinajificha kidogo. Mnazitumia wapi kwingine? Nazi sina, karanga zipo.

Dona kilo 3 inaanza kunuka mafuta yaliyochacha. Hiyo nadhani ni ya kuku, ila kama kuna anayejua namna, aseme.