Naombeni ushauri: picha za kale za chuo zimegandana, niko Mtwara

Habari zenu wakuu. Chuo nilichosoma hapa Mtwara kimetenga chumba kiwe makumbusho ya historia yake, nami nimekabidhiwa kukusanya vitu. Rejista za mwanzo zipo, joho la mahafali lipo. Shida ni albamu. Hewa ya bahari na mvua za Desemba hadi Aprili zimegandisha picha kwenye nailoni. Jana nilibandua moja, sura ya mpishi wetu wa kwanza ikabaki kwenye plastiki. Iliniuma sana, maana sijaona picha yake nyingine. Sasa sizigusi.

Je, nizipige picha kwanza zikiwa humo humo, au kuna njia salama ya kuzitoa? Na vile vipakiti vya chembechembe vya kwenye maboksi ya viatu vinatosha kukausha kabati zima?