Waliowahi kufufua pikapu kuukuu ya shamba: mlianzia wapi, spea mlizipata wapi? Tupeane uzoefu

Mwana wa Urambo
Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Jana nilikuwa Kaliua kwa jamaa yangu, nikasikia Land Rover inanguruma nyuma ya ghala la tumbaku. Ule mlio wa tapeti unaufahamu kabla hujaliona gari lenyewe. Nimerudi nyumbani sijalala.

La marehemu mzee ni Land Rover 109, Series III, pikapu ya petroli. Lipo shambani juu ya magogo tangu tulipoanza kukodi malori. Lilibeba kuni za bani la kukaushia tumbaku, mbolea, maharusi, wagonjwa na maiti za kijiji kizima, na mzee hakuwahi kumtoza mtu hela ya msiba. Nimeamua linaamka.

Hali yake: injini haijakwama, tumeizungusha kwa handeli ya mbele ikakubali. Bodi ni aluminiamu, nzima. Chesisi nyuma imeliwa na kutu. Silinda za breki zimekufa zote, waya zimetafunwa na panya, na hafu shafti ya nyuma, ile inayozungusha tairi, imekatika. Tabora mjini, duka la kwanza niliambiwa nilipeleke makumbusho. Naomba mliopitia haya mseme kilichowatesa.

Kijana wa Isevya
Nakaa hapa hapa. Mzee wangu ana Datsun 1200 pikapu chini ya mwembe, watoto wote wa nyumba ile tumejifunzia gari humo.

Fundi Chesisi
Mkuu, kabla hujanunua hata plagi moja, nunua spana za inchi. Land Rover za Series nyingi nilizopokea hazikuharibiwa na kutu, zimeharibiwa na mafundi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7. Fundi anachukua spana 13, inaingia, inacheza kidogo. Akikaza mara mbili pembe za nati zimekwisha, mara ya tatu anakuja na patasi na nyundo. Tafuta 7/16, 1/2, 9/16 na 5/8, ziwe zako, zisitoke shambani.

Bodi hiyo asiiguse mchomeleaji wa mageti. Aluminiamu haikubali ile mashine ya rodi, atakutobolea. Piga riveti. Tena angalia pale aluminiamu inapogusana na chuma, utakuta unga mweupe, ndipo inapoliwa. Safisha, weka kipande cha mpira katikati.

Na mkianza kukata chesisi, namba imegongwa mbele kulia, kwenye kishikio cha springi. Grenda isifike pale. Ukiipoteza hiyo namba una vyuma, huna gari.

Gungu Stendi
Chomoa hiyo injini, weka 3L, dizeli ya Toyota, maisha yaendelee. Ile injini ya lita 2.25 ya petroli ukiwa na mzigo lita moja haikufikishi kilomita 7.

Babu wa Ng'ambo
Kijana, mtu analeta gari la baba yake, wewe unamshauri alitoe moyo? Injini hiyo ukisafisha kabureta na pointi za distribyuta, ukapanga moto wa silinda zake kwa mfuatano wa 1-3-4-2, inawaka hata kwa handeli. Hiyo 3L yako betri ikifa unasukuma mpaka Malagarasi.

Gungu Stendi
Shikamoo babu. Moyo haunywi petroli kiasi hicho lakini.

Babu wa Ng'ambo
Marahaba. Gari la shamba haliendi Dar kila siku. Linakwenda bani na kurudi.

Afisa Mstaafu
Anayebadili injini asisahau TRA, watu wa mapato. Namba ya injini kwenye kadi ibadilishwe, la sivyo siku ukikaguliwa namba haziendani, gari linalala kituoni.

Mama Mawese
Nimesoma hapa mpaka mikono imekufa ganzi. Mimi ni Hilux LN106 ya 1994, hiyo hiyo 3L anayoisifia mwenzangu wa Gungu. Niliinunua mnadani, ilikuwa ya mradi mmoja uliofungwa, imelala kwenye majani mpaka mti umeota kati ya bampa na rejeta. Tuliukata kwa panga ndipo boneti ikafunguka.

Nikaitengeneza taratibu kwa hela ya mawese. Hedi gasketi, pampu ya maji, nozeli zikapimwa. Mkanda wa taimingi fundi aliagiza mpya. Ukaja kwenye boksi lenye nembo, karatasi yake inang'aa, bei ya mpya. Tukafunga.

Siku hiyo natoka Mwandiga kwenda Kasulu, madumu yamejaa nyuma, mvua imeanza, jua linazama. Nipo kwenye mteremko, nikasikia "tak", mara moja tu. Halafu kimya. Hakuna injini. Usukani ukawa mzito, nakanyaga breki pedali inagoma kama nakanyaga jiwe. Nikashusha gia nikaibana pembeni kwenye majani. Madumu ya mbele yakapasuka yakaja kwenye kioo cha nyuma, mawese yakachuruzika chini mpaka kwenye bomba la moshi, moshi wake ukaingia ndani, nikajua tunaungua. Utingo akaruka. Mimi nilikuwa na mwanangu mgongoni.

Hatukuungua. Ila tulilala pale, na barabara ile watu wa Kigoma mnaijua ilivyokuwa enzi za utekaji. Hatukuwasha hata tochi. Kila gari lililopita tulilala chini ya migomba, tunasikiliza kama litasimama.

Asubuhi fundi alipofungua kava, mkanda haukuwa umekatika. Meno yalikuwa yamenyolewa, upande mmoja laini kabisa, mpira mkavu unavunjika ukiukunja kwa kidole. Ulikuwa umekaa dukani miaka, wakaubadilishia boksi. Valvu zimegonga pistoni, zimepinda. Mkanda ule ninao mpaka leo, umening'inia kwenye msumari jikoni. Kila fundi anayekuja kwangu namwonyesha kwanza.

Valvu nilizipata Bujumbura kupitia Manyovu. Gasketi ilikuja na treni kutoka Dar. Gari linatembea mpaka sasa. Mkanda ukinunua, ukunje mkononi kabla hujatoa hela, uangalie na tarehe iliyochapwa kwenye mpira wenyewe. Boksi lisikudanganye.

Kijana wa Isevya
Pole sana mama. Na mtoto mgongoni!

Mlipa Kodi
Hizo valvu za Manyovu zililipiwa ushuru?

Mama Mawese
Stakabadhi ninayo, imo kwenye faili la gari. Mtu kakaa porini usiku kucha na mtoto wewe unauliza ushuru?

Mlipa Kodi
Nimeuliza kwa sababu wengine watasoma hapa waende kuvusha kwa mitumbwi, wanyang'anywe. Sina ubaya na wewe dada.

Gungu Stendi
Ila mkanda wa 3L ni kilomita laki moja unabadilisha, hilo halina mjadala. Kosa si la injini.

Babu wa Ng'ambo
Land Rover ya petroli haina mkanda wa taimingi. Ina cheni. Nimemaliza.

Nyuki wa Ipole
Mada hii imenirudisha mbali. Kwetu ni upande wa Sikonge, gari ni Land Cruiser HJ47, injini ya dizeli 2H, ilikuwa ya mjomba. Ilikaa pembeni ya mabani muda mrefu. Tukapata fundi kutoka mjini, akaja na jenereta na grenda, kazi ni kukata bodi ya nyuma ili aone chesisi.

Chesisi ya gari lile ni boksi, ina matundu pembeni. Tulikuwa tunaona nyuki wawili watatu wanaingia na kutoka. Tabora nyuki ni wa kawaida, nani anashtuka? Mjomba kalala chini ya gari anafungua bolti za propela, miguu tu ndiyo inaonekana. Fundi kawasha grenda, kaigusisha chuma.

Walitoka kama maji. Sikuona nyuki mmoja mmoja, niliona kitu cheusi kinamwagika kutoka kwenye tundu la chesisi, juu ya kifua cha mjomba. Fundi alitupa grenda ikiwa inazunguka, akakimbia na waya ukachomoka. Jenereta ikabaki inanguruma peke yake, na ule mlio ndio uliowazidisha. Mjomba anapiga kelele anataka kutoka, shati limenaswa kwenye kishikio cha springi. Mimi na binamu tukajifunika turubai la tumbaku, tukamvuta kwa miguu, shati likabaki kule chini. Mbwa alikuwa amefungwa kwenye mti, hatukumfikia. Alikufa pale pale, na mbuzi wawili.

Mjomba hakuwa na sura. Macho yamefunga, ulimi umevimba, anapumua kwa kukoroma. Akapakiwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili wamemshikilia, mpaka hospitali. Alilazwa, akapona, yupo.

Jioni akaja mzee mmoja jirani, mrina asali. Akasubiri giza liingie kabisa. Akawasha mwenge wa magome, akapuliza moshi kwenye tundu la mbele, polepole, bila kugonga chuma. Tukakata bati mahali alipotuonyesha. Masega yalijaa kutoka kwenye springi ya mbele hadi usawa wa tenki. Alitoa ndoo, nyuki akawahamishia kwenye mzinga wake. Ndani ya nta chuma hakikuwa na kutu hata chembe, kinang'aa. Sehemu iliyobaki ilikuwa imeoza.

Kijana wa Isevya
Mungu wangu. Kesho asubuhi naenda kuuangalia ule mwembe kwa mbali.

Mwana wa Ujiji
Mngemwaga petroli kwenye tundu mkawasha kiberiti, yameisha.

Nyuki wa Ipole
Uchome nyuki, waya, matairi na tenki la dizeli kwa pamoja? Na kwetu nyuki ni ada za shule za watoto, hawachomwi.

Mwana wa Ujiji
Mtu nusura afe bado unatetea nyuki.

Babu wa Ng'ambo
Nyuki wa Ipole yuko sahihi. Nyuki hachokozwi mchana. Nenda usiku, moshi, usijipake mafuta ya kunukia, usigonge chuma.

Mke wa Fundi
Kwetu tunaweka majani makavu ya tumbaku kwenye moshi, wanalewa.

Nyuki wa Ipole
Na asali inanuka tumbaku, hauzi. Magome yanatosha.

Mwana wa Urambo
Jamani poleni, na asanteni, nimemtuma mdogo wangu akaangalie chesisi kwa tochi kabla ya fundi kufika. Ila tusisahau spea.

Babu wa Ng'ambo
Urambo na spea ni hadithi ya siku nyingi. Waingereza walipoleta mradi wa karanga 1947 walikuja na mashine za kila aina, mpaka vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Visiki vikazivunja, spea hazifiki kwa wakati, mashine zikalala.

Mlipa Kodi
Babu, karanga zilikuwa Kongwa.

Babu wa Ng'ambo
Kongwa, Nachingwea na Urambo. Zote tatu. Mradi ulifutwa 1951. Marehemu baba yangu alifanya kazi huko, usinibishie la nyumbani kwetu.

Treni ya Kati
Mleta mada, nisikilize. Ukiingia dukani ukasema "nataka beringi ya Land Rover" utaambiwa hakuna, au utapigwa bei ya Land Rover. Itoe, ifute grisi, soma namba kwenye ukingo. Beringi yenye 6205, kwa mfano, ni tundu milimita 25, nje 52, unene 15, iwe ya gari, ya pampu ya maji au ya mashine ya kusaga. Muuza beringi hajali inakwenda wapi. Kwenye Land Rover baadhi ni za inchi, nazo zina namba zake, ziandike zote. Oili sili hivyo hivyo: ndani, nje, unene. Nenda na daftari na sampo mkononi. Picha ya simu haina kipimo.

Breki: usikubali fundi akuwekee oili ya injini eti mafuta ya breki ni ghali. Mpira wa vikombe unavimba, breki zinashika zenyewe njiani. Kipimo cha silinda mara nyingi kimeandikwa kwenye mwili wake kwa inchi, piga brashi ya waya utakiona.

Kwa Land Rover uliza Arusha kabla ya maduka ya Gerezani, Dar. Kule magari ya watalii yameyaweka hai mafundi na maduka yake, mliliona lile tamasha la Land Rover la 2024.

Mke wa Fundi
Kifurushi kikipakiwa kwenye basi, aliyepakia apige picha tiketi ya mzigo na namba ya basi. Pampu yetu ya maji ilishushwa sijui wapi, kampuni ikatuambia tuwe na subira. Tumekuwa nayo.

Fundi Chesisi
Nakubaliana na Treni ya Kati kwa kila kitu isipokuwa Arusha. Bei zao ni za mtalii. Anzia Nzega na Kahama, kwenye yadi za vyuma chakavu.

Treni ya Kati
Chakavu cha Nzega kimeshakwenda kuyeyushwa zamani.

Mwenye Yadi Nzega
Hakijakwenda. Nina ekseli ya nyuma ya 109 hapa, hafu shafti ndefu ni nzima. Mleta mada, ekseli yako ni aina ya Rover au Salisbury? Hazibadilishani. Chomoa kipande kilichobaki uhesabu meno upande wa difu. Rover yana 10, Salisbury 24.

Mwana wa Urambo
Mdogo wangu yupo shambani, nimempigia. Anasema chesisi haina nyuki, ila kuna mayai ya kuku kwenye boksi la betri. Anahesabu meno sasa hivi.

Mwana wa Urambo
24. Amehesabu mara mbili.

Mwenye Yadi Nzega
Basi ni yako. Njoo na kipande tulinganishe urefu kabla hujalipa.

Mwana wa Urambo
Jumamosi nipo Nzega asubuhi, mkuu. Usimuuzie mtu.