R50 mpya au a6400 iliyotumika? Ni aparei yangu ya kwanza

mwanga_lushi:
Jambo wote. Niko hapa Lubumbashi, picha nazipiga na telefone, sasa nataka aparei ya kweli, hizi za kisasa zisizo na kioo ndani. Nimebaki na mbili: Canon R50 mpya pamoja na objektifu (lenzi) yake ya 18-45 mm, au Sony a6400 iliyotumika. Nichukue ipi? Mwenye Sony anataka jibu upesi, kwa hiyo msinicheleweshe.

kamalondo_studio:
Tusikucheleweshe, na wewe ndiye umeficha kila kitu! Unapiga nini: ndoa, mpira, vitu vya kuuza? Video unafanya? Una feza ngapi? Hiyo Sony ina objektifu au ni mwili mtupu?

zoom_bukavu:
Wakati tunamngoja: Fuji X-T30 II. Rangi zinatoka ndani ya aparei zikiwa tayari, hukeshi kwenye kompyuta.

kamalondo_studio:
Zoom, wewe hata mtu akiuliza sufuria utamwambia Fuji.

mwanga_lushi:
Samahani wakubwa. Ni ndoa na ubatizo, watu wa kanisani kwetu wameanza kuniita. Video kidogo. Nina dola 900, na humo humo nitoe kadi na batri ya pili. Sony ni mwili mtupu.

yaya_ruashi:
Basi mdogo wangu, acha kwanza habari ya miili. Zote mbili zina megapikseli 24, zote hazina kifaa cha kutuliza mtikisiko ndani ya mwili, na zote zinashika fokasi kwenye jicho la mtu vizuri sana. Bibi harusi hatajua ulishika ipi. Shida yako ni sale (ukumbi) ya usiku yenye taa za zambarau. Ile 18-45 ukiivuta mpaka mwisho inaishia f/6.3; hiyo namba ya f ikiwa ndogo, ndipo mwanga unaingia mwingi. Objektifu ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 12 zaidi ya hapo, ya f/1.4 mara 20. Hapo ndipo ngozi yetu inatoka na rangi yake, au inatoka kijivu yenye chengachenga. Ingekuwa mimi, Sony na objektifu ya Sigma 30 f/1.4, mengine mwakani. Canon wana 50 f/1.8 ya bei nzuri, lakini kwenye R50 inaona kama 80, yaani inabana. Kwa sura za watu ni tamu; siku ya kuposa, sebuleni kwa baba mkwe, utagonga ukuta kwa mgongo na meza bado haijaingia yote.

juma_lenzi:
Wakuu, salamu kutoka Dar. Kwa hela hiyo mnamhangaisha kijana wa nini? Achukue Canon 700D iliyotumika na 50mm f/1.8, chenji inunue flashi. Batri moja inamaliza harusi. Hizi zenu skrini inawaka muda wote, chaji inakata kabla ya keki.

zoom_bukavu:
Ameuliza zisizo na kioo, mzee.

juma_lenzi:
Mteja halipii kioo, analipia picha.

katuba_mtaani:
Kuhusu a6400, sikilizeni yaliyonikuta. Muuzaji mmoja aliniletea yangu kutoka nje, safi, haina mkwaruzo, bei chini ya wote. Naiwasha: Kijapani. Nikasema haidhuru, nitabadilisha lugha. Natafuta kwenye menyu ukurasa kwa ukurasa, kumbe hakuna pa kubadilisha. Zile Sony zinazotengenezwa kwa soko la Japani zinafungiwa Kijapani tu, na fundi niliyempelekea akanirudishia hivyo hivyo. Muuzaji naye: "Lakini picha inapiga, au haipigi?" Nikakata vipande vya karatasi, nikaandika ISO, MWANGA, FUTA YOTE – USIGUSE, nikavibandika kwa skochi pembeni ya skrini. Sasa siku ya ndoa moja, maharusi wameshika kisu juu ya keki, mama zetu wanapiga vigelegele, sanduku la maneno likatokea kwenye skrini na majibu mawili ya kuchagua. Ndiyo au hapana? Ya nini? Nikachomoa batri, nikairudisha. Ikiwaka, keki imekwisha kukatwa. Familia wakaomba picha ya kisu, nikawapa ya vipande kwenye sahani. Baadaye nilimwuzia mtu mwingine, nikamweleza ukweli, akashusha bei mpaka nikaona haya kuitaja nyumbani. Mwanga, menyu ifunguliwe mbele ya macho yako kabla hujatoa hata franga moja.

mwanga_lushi:
Mmenitia woga. Menyu sijaiona. Kwenye picha zote alizonitumia, aparei imezimwa.

kamalondo_studio:
Imezimwa! Ndiyo maana mimi nasema Canon mpya. Na mtu asikudanganye kwamba R50 haina objektifu. Tangu 2024 Sigma wanaitengenezea 18-50 f/2.8.

yaya_ruashi:
Na kwa dola 900 hiyo 18-50 ataipata na nini? Tena uliza flashi. R50 pale juu panapokaa flashi haina pini za kawaida. Hata flashi za Canon zenyewe za zamani zinadai adapta ya AD-E1. Canon nyingine, R10, ndiyo haina usumbufu huo.

kamalondo_studio:
Flashi ya nini kama ana f/1.8?

yaya_ruashi:
Picha ya ukoo mzima mbele ya kanisa la jioni, kwa f/1.8? Mama wa mbele wataonekana, wajomba wa nyuma watakuwa ukungu. Na hao wajomba ndio waliolipa sale.

zoom_bukavu:
Na vumbi lenu jekundu la kiangazi msilisahau. Aparei hizi hazina kioo cha kuikinga sensa, ile sahani ya ndani inayoshika picha. Ukibadilisha objektifu nje, zima kwanza, mdomo wa aparei uangalie chini, upepo uupe mgongo.

juma_lenzi:
Kwani huko harusi analipwaje, yote siku hiyo hiyo?

katuba_mtaani:
Nusu mbele, nusu ukipeleka albamu. Hiyo nusu ya pili inapenda kusafiri.

kamalondo_studio:
Ndiyo sababu mimi nawaonyesha picha kwenye telefone tu, ndogo, mpaka wamalize.

yaya_ruashi:
Mimi nawapa kumi nzuri kesho yake. Wakiziweka kwenye WhatsApp, shangazi wa bibi harusi ananipigia mwenyewe.

kamalondo_studio:
Shangazi wako na wangu si wamoja, yaya.

mwanga_lushi:
Nimempigia mwenye Sony. Anasema menyu ni ya Kifaransa, lakini batri iko kwa shemeji yake kule Likasi.

yaya_ruashi:
Batri yake ni NP-FW50, ile ile ya a6000 na ZV-E10. Kama kuna mwenye nayo mitaa ya Golf au Bel-Air, amwazime kijana aende nayo.

katuba_mtaani:
Mimi niliuza pamoja na batri zote.